Namna ya Kuandaa Saspensheni ya Kunywa kutoka kwenye Vidonge katika Famasi

Mgonjwa asiyeweza kumeza kidonge, awe mtoto mchanga, mtu aliyepata kiharusi au anayelishwa kwa mpira wa puani, mara nyingi huandikiwa dawa ambayo haipatikani kiwandani kwa umbo la maji. Hapo famasi hulazimika kuvigeuza vidonge kuwa saspensheni, yaani kimiminika chenye uzito kiasi ambamo chembe za dawa zisizoyeyuka zimetapakaa. Kazi hii huonekana nyepesi kwa sababu vifaa vyake ni vichache na mikono huizoea upesi, lakini ina sharti moja gumu: mililita ya kwanza inayotoka chupani na mililita ya mwisho lazima ziwe na kiasi kilekile cha dawa. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini ipo kwa ajili ya sharti hilo.

Mwongozo huu ni wa wafamasia na wasaidizi wanaofanya kazi chini ya usimamizi wao. Mzazi au mlezi anayeusoma asiuchukue kama ruhusa ya kusaga dawa nyumbani.

Kuamua kama vidonge vinafaa kusagwa

Kabla ya kugusa kinu, tafuta njia nyingine. Huenda ipo dawa hiyohiyo ya maji kutoka kiwandani, au vidonge vya kuyeyushwa majini, au vifuko vya unga, au dawa nyingine ya kundi lilelile ambayo daktari atakubali kuibadilisha. Bidhaa iliyopimwa kiwandani ina ushahidi wa ubora ambao meza ya famasi haiwezi kuutoa, kwa hiyo kuandaa saspensheni liwe chaguo la mwisho, hata pale ambapo famasi ina ujuzi wa kutosha.

Ikiwa hakuna njia nyingine, chunguza aina ya kidonge. Vidonge vinavyotoa dawa polepole kwa saa nyingi havisagwi, kwa sababu ukivisaga dozi ya siku nzima huingia mwilini kwa mkupuo. Vidonge vilivyofunikwa kwa tabaka la kuzuia tindikali ya tumbo navyo havisagwi, wala vile vya kuwekwa chini ya ulimi. Dawa za saratani na nyingine zenye hatari kwa anayezishika hazisagwi juu ya meza ya kawaida hata kwa dakika moja. Zinahitaji kabati maalumu la usalama linalovuta hewa, na famasi isiyokuwa nalo inapaswa kumwelekeza mgonjwa penye kabati hilo.

Jina la dawa peke yake halitoshi kukupa jibu. Metoprololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu, ni mfano mzuri: vidonge vya kawaida vya metoprololi tatrati vinaweza kusagwa na kufanywa saspensheni, ilhali vile vya metoprololi saksineti vimetengenezwa kutoa dawa polepole na kuvisaga ni kumwekea mgonjwa hatari. Soma neno la pili kwenye pakiti, kisha lisome tena.

Baada ya hapo tafuta fomula iliyochapishwa na kupimwa, ile inayotaja dawa, nguvu yake kwa mililita, kimiminika kilichotumika, aina ya chupa, joto la kuhifadhia na muda ambao dawa ilibaki salama. Fomula hiyo ifuatwe nzima. Mtu akibadilisha kimiminika kimoja kwa kingine kwa kuwa kile cha kwanza kimeisha dukani, ameandaa dawa mpya ambayo hakuna aliyeipima, hata kama kiambato hai ni kilekile.

Kuchagua kimiminika cha kubebea dawa

Kimiminika kinachobeba dawa kina kazi tatu: kuzichelewesha chembe zisizame, kuficha ladha mbaya, na kuzuia vijidudu visizaliane. Famasi nyingi hutumia vimiminika vilivyotengenezwa tayari, na mchanganyiko unaotajwa sana katika fomula zilizochapishwa ni wa Ora-Plus na Ora-Sweet kwa kiasi sawa, cha kwanza kikileta uzito na cha pili kikileta utamu. Pasipo bidhaa hizo, fomula nyingi hutumia methiliselulosi ya asilimia 1 pamoja na sharubati ya sukari.

Methiliselulosi ina tabia inayowasumbua wengi. Ukiimwaga kwenye maji baridi hujifunga madonge yenye unga mkavu katikati, na madonge hayo hayavunjiki kirahisi. Pima gramu 1 kwa kila mililita 100 unazotaka, inyunyize kidogo kidogo kwenye maji ya moto yaliyosafishwa, kama theluthi moja ya maji yote, huku ukikoroga mpaka unga wote ulowe na kutawanyika. Ndipo uongeze maji baridi yaliyobaki na kuendelea kukoroga. Itakapopoa itaanza kuwa nzito na angavu. Iache katika jokofu usiku mzima kabla ya kuitumia.

Sharubati ya sukari, kwa kipimo cha Famakopia ya Marekani, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, ina gramu 85 za sukari katika kila mililita 100. Kwa wingi huo vijidudu hukosa maji ya kutumia, na ndiyo sababu sharubati nzito hukaa bila kuchacha. Ukiichanganya na maji au na methiliselulosi, ulinzi huo hupungua sana, na hapo kihifadhi kinahitajika. Sodiamu benzoeti ya asilimia 0.1 hutumika mara nyingi, lakini hufanya kazi vizuri pale tu kimiminika kinapokuwa na tindikali ya kutosha, pH, yaani kipimo cha tindikali, ikiwa chini ya 5 hivi. Katika kimiminika chenye hali ya besi kihifadhi hicho kipo kwa jina tu.

Tindikali hiyohiyo inaweza kuiharibu dawa. Omeprazoli huvunjika haraka katika hali ya tindikali, ndiyo maana saspensheni yake huandaliwa kwa mmumunyo wa sodiamu baikaboneti wa asilimia 8.4 badala ya vimiminika vitamu vya kawaida. Haidralazini haielewani na sukari kama glukosi na fruktosi, na huharibika kwa kasi ikichanganywa nazo. Kaptoprili huungana na oksijeni ikiwa ndani ya maji. Mifano hii mitatu yatosha kuonyesha kwa nini hakuna kimiminika kimoja kinachofaa dawa zote, hata kama kipo kimoja kinachopendwa na kila mtu kwa ladha yake.

Mfikirie pia anayekunywa. Kwa mtoto mchanga epuka alkoholi ya benzili, ethanoli na kiasi kikubwa cha propilini glaikoli, kwa sababu ini na figo zake bado hazimudu kuvitoa mwilini. Mwenye kisukari anaweza kuhitaji kimiminika kisicho na sukari, lakini kilichotiwa sobitoli, kitamu mbadala wa sukari, kwa wingi kinaweza kumharisha.

Gliserini na propilini glaikoli zinunuliwe zikiwa za daraja la dawa, zikiwa na cheti cha uchunguzi kinachoonyesha kwamba zimepimwa na kukutwa hazina daiethilini glaikoli, kimiminika chenye sumu. Jambo hili lina historia ya msiba. Mwaka 1937 nchini Marekani, dawa ya maji ya salfanilamaidi iliyotengenezwa kwa daiethilini glaikoli iliua zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto, na sheria ya dawa ya mwaka 1938 ikapitishwa baada ya vifo hivyo. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizogunduliwa Gambia zikiwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Sumu hizi hazionekani kwa macho, na ladha yake ni tamu kama ya gliserini. Gliserini ya viwandani, hata iwe angavu namna gani, haina nafasi katika kazi hii.

Hesabu

Tuchukue mfano wa mtoto aliyeandikiwa metoprololi tatrati miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 30, na fomula uliyonayo ni ya miligramu 10 kwa mililita. Kila dozi ni mililita 1.5, na dozi 60 ni mililita 90. Kwa kuwa kiasi fulani hubaki kwenye kuta za chupa na ndani ya sirinji, andaa mililita 100. Dawa inayohitajika ni miligramu 1,000, sawa na vidonge 10 vya miligramu 100. Ukiwa na vidonge vya miligramu 50 utahitaji 20, na unga utakaopatikana unaweza kuwa mwingi na kuufanya mchanganyiko uwe mzito zaidi ya ule uliopimwa. Fomula ikitaja nguvu ya kidonge, ifuate.

Hesabu haitoi namba kamili kila mara. Kwa mililita 75 za fomula hiyo unahitaji miligramu 750, yaani vidonge 7 na nusu. Usikate kidonge kwa kisu, kwa maana nusu mbili hazilingani kamwe. Pima uzito wa vidonge 8 vizima. Tuseme vina gramu 3.20, basi kila kimoja kina wastani wa gramu 0.40. Visage vyote, kisha pima gramu 3.00 za unga, ambazo ndizo zenye miligramu 750. Mizani nayo ina mipaka: yenye unyeti wa miligramu 6 haiwezi kupima chini ya miligramu 120 bila kosa kuzidi asilimia 5.

Hesabu ikaguliwe na mtu wa pili anayeifanya upya kuanzia kwenye cheti cha daktari, pasipo kuoneshwa jibu la mwenzake. Kosa la kuzidisha dozi mara kumi, linalotokana na nukta iliyohama, halionekani kwenye rangi wala kwenye harufu ya dawa iliyokamilika.

Kusaga, kulowesha na kuongeza

Safisha meza kwa ethanoli ya asilimia 70, nawa mikono, vaa glavu, barakoa na koti, na weka mezani vitu vya dawa moja tu. Hata chupa ya dawa nyingine inayosubiri zamu yake iondolewe.

Weka vidonge kwenye kinu cha kauri, ambacho kuta zake za ndani zina mikwaruzo inayosaidia kusaga. Kinu cha kioo kinafaa zaidi kwa dawa zenye rangi kali. Vunja vidonge kwanza kwa kuvigonga taratibu, kisha zungusha mchi ukiukandamiza, na mara kwa mara kwangua unga ulioganda pembeni kwa spatula. Endelea mpaka upate unga laini usio na punje. Ulaini huu una maana kubwa kuliko sura ya dawa: kwa mujibu wa sheria ya Stokes, kasi ya chembe kuzama hufuata mraba wa kipenyo chake, kwa hiyo ukikipunguza kipenyo kwa nusu, kasi ya kuzama hushuka hadi robo. Uzito wa kimiminika nao husaidia, lakini hauwezi kuufidia unga uliosagwa nusunusu. Hata hivyo usisage bila kikomo, kwa kuwa chembe ndogo mno zinaweza kutuama kwa kubanana na kuwa mashapo magumu yasiyoinuka hata chupa ikitikiswa. Vidonge vyenye ngozi ya rangi huacha magamba madogo. Usiyachuje isipokuwa fomula imeagiza hivyo, maana unaweza kuchuja pamoja na dawa.

Sasa inakuja hatua inayoharakishwa kuliko zote, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ongeza kimiminika kidogo sana, kama mililita 5 kwa mfano wetu, na ukoroge kwa mchi mpaka unga wote uwe rojo zito, laini, lisilo na donge hata moja. Ikiwa unga unayakataa maji na kuelea juu, fomula nyingi huruhusu kuulowesha kwanza kwa gliserini kidogo. Kusudi la rojo ni kuifukuza hewa iliyoishika kila chembe na kuweka kimiminika mahali pake. Ukimwaga kimiminika chote kwa mara moja, unga utajikusanya madonge, na madonge hayo yataelea juu au kuzama chini yakiwa na dawa isiyogawanyika. Anayesonga ugali anajua kwamba donge lililopita mwanzoni halivunjwi mwishoni.

Rojo likishakuwa laini, ongeza kimiminika kwa kiasi kinacholingana nalo, koroga mpaka vichanganyike, kisha ongeza tena kiasi kinacholingana na ulichonacho kinuni. Kwa kuongeza mara dufu namna hii, mchanganyiko hubaki sawasawa kila wakati, na baada ya mara chache utakuwa mwepesi wa kumiminika. Umimine kwenye silinda ya kupimia yenye ujazo wa mililita 100. Suuza kinu na mchi mara mbili au tatu kwa kimiminika hichohicho, si kwa maji, na kila suuzo liingie kwenye silinda, kwa sababu filamu nyembamba inayobaki kinuni ina dawa ya mgonjwa. Maji yangepunguza uzito wa saspensheni na nguvu ya kihifadhi.

Mwisho, ongeza kimiminika mpaka ujazo ufikie mililita 100. Hapa wanafunzi wengi hukosea kwa kupima mililita 100 za kimiminika na kuzimwaga juu ya unga. Unga una ujazo wake, hivyo jumla itazidi mililita 100 na kila mililita itakuwa na dawa pungufu. Soma kipimo macho yakiwa sambamba na alama, ukitazama sehemu ya chini ya mkunjo wa uso wa kimiminika, na subiri povu litulie kabla ya kusoma. Hewa iliyonaswa hudanganya kwa mililita kadhaa.

Saspensheni nzito haishuki yote kutoka kwenye silinda. Wapo wanaopendelea kuiweka alama chupa yenyewe: hupima mililita 100 za maji, huzimimina chupani, huchora mstari, humwaga maji na kuikausha chupa kabisa, kisha hukamilisha ujazo ndani yake. Naona njia hii ni bora kwa michanganyiko mizito, mradi alama ichorwe chupa ikiwa imesimama mahali tambarare na hakuna tone la maji linalobaki.

Chupa, lebo na tarehe ya mwisho

Tumia chupa ya kahawia inayozuia mwanga, yenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, na kubwa kidogo kuliko dawa iliyomo. Chupa iliyojaa hadi shingoni haitikisiki, na dawa isiyotikisika haigawanyiki.

Lebo iandike jina la dawa kama lilivyo kwenye cheti na kwenye pakiti, nguvu kwa mililita, dozi kwa miligramu na kwa mililita, tarehe ya kuandaliwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi, na agizo la kutikisa chupa kabla ya kila dozi. Namba ndogo kuliko moja iandikwe kwa sifuri mbele, kama 0.5, na namba kamili isiongezewe nukta na sifuri nyuma, kwa maana 5.0 husomeka 50 kwa mtu mwenye haraka.

Tarehe ya mwisho haikadiriwi kwa hisia. Kanuni za Famakopia ya Marekani zilizoanza kutumika Novemba 2023 huweka ukomo wa siku 14 katika jokofu kwa dawa ya maji isiyo na kihifadhi, na siku 35 kwa yenye kihifadhi. Kuzidi hapo kunahitaji vipimo vya uthabiti wa dawa na vya uwezo wa kuzuia vijidudu. Saspensheni ya metoprololi tatrati ya miligramu 10 kwa mililita iliyoandaliwa kwa Ora-Plus na Ora-Sweet ilipimwa na kukutwa imara kikemikali kwa siku 60, lakini uthabiti wa kikemikali haujibu swali la vijidudu, na pale kanuni hizo zinapofuatwa ukomo wa siku 35 ndio unaoshika mpaka uwepo ushahidi wa pili. Kanuni za nchi unayofanyia kazi zikiwa kali zaidi, hizo ndizo za kufuata. Wala tarehe ya saspensheni isizidi tarehe ya kuisha ya kiambato chochote kilichotumika. Mtoto wa mfano wetu, mwenye dawa ya siku 30, anamaliza chupa yake ndani ya muda.

Andika kumbukumbu siku hiyohiyo: fomula, namba za bechi za vidonge na vimiminika, hesabu, aliyeandaa na aliyekagua. Bechi ikirejeshwa na kiwanda, ni kumbukumbu hiyo pekee itakayokuambia ni chupa gani za kufuatilia.

Kumkabidhi mgonjwa

Mpe mlezi sirinji ya mdomo, isiyo na sindano, iliyowekwa alama ya dozi yake, na umweleze kwamba vijiko vya nyumbani havilingani ujazo. Mwoneshe jinsi ya kutikisa mpaka chini ya chupa kusibaki tabaka, na kupima mara tu baada ya kutikisa. Fenitoini, dawa ya kifafa, hutajwa sana katika mafunzo kwa sababu hii: mgonjwa anayekunywa saspensheni yake bila kuitikisa hupata dawa pungufu siku za mwanzo, degedege likarudi, kisha chupa inapokaribia kuisha hupata dawa iliyokolea hadi ya kumdhuru.

Mwombe airudishe chupa likitokea lolote kati ya haya: rangi au harufu imebadilika, gesi inatoka kifuniko kikifunguliwa, madonge yanaonekana, au mashapo hayainuki baada ya kutikisa kwa nguvu. Saspensheni ya namna hiyo hairekebishwi kwa kuongezewa maji wala kwa kurudishwa kinuni. Hutupwa kwa utaratibu wa kuteketeza dawa, mgonjwa huandaliwa nyingine, na fomula pamoja na kumbukumbu ya siku ile hupitiwa upya kabla unga mwingine haujaingia kinuni.